Maswali ya Wasomaji: "Kinachoeleweka" Kinaeleweka kwa Nani?

SWALI: Mhariri, katika kitabu cha falsafa nimekutana na maneno "ulimwengu unaoeleweka", yakiwekwa kinyume cha ulimwengu unaoonekana. Mwalimu wangu wa lugha naye huniandikia pembeni mwa insha kwamba sentensi "haieleweki". Je, ni neno moja kweli?

JIBU: Neno ni moja, lakini kazi zake ni mbili, na ni vyema tuanzie kwenye mzizi wake. Twasema "habari imenielea", maana yake imenibainikia; kutokana na "elea" hiyo tunapata "eleza", yaani kufanya jambo limwelee mtu, na "elewa", ambayo kwa umbo ni kauli ya kutendwa. Anayesema "nimeelewa" husema, kwa asili ya neno, kwamba jambo limemfikia likiwa wazi. Tazama ile "ni" ndani ya "imenielea": mtu anayefikiwa yumo ndani ya kitenzi chenyewe.

Katika lugha mtu huyo hakosekani. Mazungumzo yanaweza kukwama kwenye sauti tu: simu za waya zilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na kwa kuwa nguvu nyingi ya "s" iko juu ya kiwango hicho, "sisi" na "fisi" zilikaribiana mno sikioni. Yanaweza pia kukwama kwenye maana. "Ukimya wa duara uliimeza Jumanne kwa hasira" ni sentensi yenye upatanisho kamili wa kisarufi, na kila neno lake unalijua, ila haikuelei. Mwanaisimu Noam Chomsky alitumia sentensi ya namna hiyo mwaka 1957 kuonyesha kwamba usahihi wa sarufi si sawa na kuwa na maana. Isitoshe, Wadenmaki kwa kawaida huwaelewa Waswidi kuliko Waswidi wanavyowaelewa wao, ingawa lugha ni zilezile mbili. Kwa hiyo mwalimu akikuandikia "haieleweki", una haki ya kumuuliza ni wapi alipokwama yeye kama msomaji.

Kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hali ni tofauti kabisa. Katika kitabu cha sita cha andiko lake Jamhuri anagawa mstari: upande mmoja vitu vionekanavyo, upande wa pili vile vinavyofikiwa na akili peke yake. Duara ulilochora kwa chaki lina kingo nene na limepinda kidogo mahali fulani. Duara ambalo mwanajiometri anathibitisha sifa zake halina unene wala kasoro, na hakuna jicho lililowahi kuliona. Hilo kwake ndilo lijulikanalo kwa hakika zaidi, hata kama leo hakuna mtu anayelifikiria. Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1781, akaligeuza jambo: vitu tunavijua jinsi vinavyotutokea, na vile vya akili tupu twaweza kuviwaza, lakini hatuwezi kuvijua. Msomaji asiyelitambua geuzo hilo atadhani wanafalsafa hawa wawili wanakubaliana, kwa sababu tu wametumia istilahi moja.

Ndiyo maana naona mfasiri wa kitabu chako angesaidia zaidi kuandika "ulimwengu ufikiwao kwa akili". "Unaoeleweka" humfanya msomaji atafute msikilizaji, na katika mstari ule wa Plato msikilizaji hayumo.