Mashabiki wa timu ya mkoa hawahesabiwi kwa sensa

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye klabu hapa Kigoma, swali la kwanza mtakaloulizwa na viongozi ni hili: watakuja watu wangapi? Msilijibu kwa sensa. Sensa ya 2022 inaipa Manispaa ya Kigoma-Ujiji watu 232,388, na ukiitazama namba hiyo utatamani kuongeza majukwaa kesho asubuhi. Lakini Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, ilikuta mitaani Mwanga na Ujiji kila nyumba ina Simba wake na Yanga wake, wengine wamerithi kwa babu. Hao ni watu wa mji, bado si watu wako.

Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakaifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Siku kama ile isiwe kipimo chenu cha ukubwa wa uwanja. Ukijenga kwa ajili ya Simba na Yanga, mechi zinazobaki utacheza mbele ya saruji, na mchezaji anaisikia ile baridi. Mimi naona heri jukwaa dogo lililojaa.

Tena mipaka ya mji isiwafunge. Lens, kule Ufaransa, ni mji wa watu elfu thelathini na kitu, uwanja wake unachukua karibu 38,000. Mashabiki wanatoka vijiji vinavyouzunguka, vilivyokuwa vya wachimba makaa ya mawe, na timu ilikua pamoja na migodi ile. Kwetu vijiji vipo, kazi ni usafiri. Mechi ya saa kumi ikiisha, jua linaelekea kuzama. Mtu wa Kasulu atajiuliza kwanza atarudije, ndipo aulize kiingilio.

Na kuna jambo ambalo hamtafundishwa darasani. Nendeni mwalo wa Kibirizi, wanakotia nanga wavuvi, alasiri ya siku za giza, yaani siku ambazo usiku hauna mbalamwezi. Mtakuta vijana wanapanga nyavu, wanakagua taa, injini zinajazwa mafuta, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku na hufuata mwanga wa taa. Saa ya mpira ndiyo saa yao ya kujiandaa kuingia ziwani. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na vijana walewale wana nafasi ya kuja uwanjani. Ratiba inapangwa na Bodi ya Ligi, hamwezi kuihamisha kwa sababu ya mwezi. Mnachoweza ni kuiweka ratiba pembeni ya kalenda ya mwezi kabla ya kuandika makadirio ya mapato, na gari la matangazo lipite mwaloni siku ambazo wavuvi wako nchi kavu. Mama wanaoanika dagaa pia waulizeni. Wanajua nani yuko ziwani na nani amebaki.