Re: Apleti ya Java ya swichi ya zamani haifunguki

Mkuu, umesema ukiandika IP (anwani ya mtandao) ya swichi yako ya mtandao kwenye Chrome ili ufungue apleti yake, yaani programu ndogo ya Java inayoendeshwa ndani ya kivinjari, unaona kisanduku cha kijivu tu, na Chrome haikupi hata onyo. Achana na mipangilio ya Chrome, hakuna cha kuwasha humo. Apleti huhitaji plagini ya Java, yaani kiongezo cha kivinjari, na Chrome iliondoa plagini za aina hiyo toleo la 45, mwaka 2015, na Firefox ikafuata toleo la 52, mwaka 2017.

Tumia Edge kwenye Windows, katika hali ya IE (inayoiga Internet Explorer ya zamani), pamoja na Java 8. Usiweke Java 11, haina plagini kabisa. Kisha fungua paneli ya mipangilio ya Java (Java Control Panel), upande wa usalama (Security), uongeze anwani ya swichi kwenye orodha ya tovuti zinazoruhusiwa. Iandike kamili, pamoja na http:// au https:// yake.

Bado inagoma? Hapa ndipo wengi hukwama. Apleti nyingi za zamani zilisainiwa kidijitali kwa MD5, mbinu ya zamani isiyo salama tena, na tangu Aprili 2017 Java huzihesabu kama hazijasainiwa. Fungua faili la mipangilio ya Java liitwalo java.security, tafuta mstari wa jdk.jar.disabledAlgorithms, uondoe MD5.

Ila usifanye haya kwenye kompyuta unayofungulia barua pepe! Tengeneza mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), uiunganishe na mtandao wa kusimamia vifaa tu, bila intaneti. Na kama swichi ina SSH (njia ya kuiamuru kwa maandishi kupitia mtandao) au tundu la konsoli (la kuiamuru kwa waya moja kwa moja), mimi ningeanzia huko, apleti ningeigusa mwisho kabisa.

Ukikwama, bandika hapa ujumbe wa kosa kama ulivyo.