Cheti cha uhuru cha enzi ya Wajerumani: namna ya kukisoma na kukihifadhi

SWALI: Mimi ni mkazi wa Mikindani. Katika kasha la marehemu bibi yangu tumekuta karatasi iliyochapwa kwa Kijerumani, yenye kichwa «Freibrief», mhuri wa serikali, jina la Lindi na mwaka 1908. Nafasi zake zimejazwa kwa mkono: jina la mama yake bibi, umri unaosomeka kama miaka 16, kabila «Mnyasa», neno «Loskauf» na jina la mtu asiye wa ukoo wetu, ambalo linaonekana kuwa la Kizungu. Nyuma upo mstari mmoja wa herufi za Kiarabu. Sisi tumekua tukijijua kuwa Wamakonde. Je, ina maana Wajerumani ndio waliomkomboa? Kwa nini aandikwe Mnyasa? Na tuihifadhi vipi, maana wapo wanaotushauri tuipeleke dukani ikapigwe lamination?

JIBU: Ndugu msomaji, mlichokikuta ni cheti cha uhuru, na kwa maelezo uliyoyatoa sioni sababu ya kukitilia shaka. Usishangae kwamba kimeandikwa Lindi ilhali ninyi ni watu wa Mikindani, kwa kuwa wakati huo Mikindani ilikuwa kituo kidogo kilichosimamiwa na wilaya ya Lindi. Katika utawala wote wa Wajerumani vilitolewa takribani vyeti 60,000 vya namna hii, na hiyo ni sehemu ndogo tu ya watu waliokuwa utumwani. Wengi walijitoa wenyewe bila karatasi yoyote, kwa kutoroka, kuhamia mji mwingine au kwenda kufungua shamba mahali ambapo bwana hakuwa na nguvu.

Swali lako la kwanza ndilo zito. Wajerumani hawakuufuta utumwa katika koloni lao. Walipiga vita uwindaji na biashara ya kusafirisha watu, lakini umiliki wenyewe waliuacha uendelee, wakauwekea kanuni. Sababu yao haikuwa ya siri: mwezi Septemba 1888 maofisa wa kampuni ya Kijerumani walikuwa wametimuliwa Lindi na Mikindani, na baada ya serikali kurudi kwa mtutu wa bunduki ilijikuta ikiwategemea maliwali, maakida na majumbe, ambao baadhi yao walikuwa ndio wenye watumwa. Kuwaudhi kungeigharimu serikali. Kwa hiyo amri ya Kansela, mkuu wa serikali ya Ujerumani, ya mwaka 1901 ilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha na ya kujifanyia kazi zake siku mbili kwa wiki, na amri ya Desemba 1904 ikatamka kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Umiliki wenyewe ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mama yake bibi, akiwa na umri wa miaka 16 mwaka 1908, alikuwa amezaliwa kabla ya tarehe hiyo, na ndiyo maana alihitaji cheti. Wanawe waliozaliwa baadaye hawakukihitaji.

Sasa litazameni kwa makini neno «Loskauf». Vyeti vilitolewa kwa njia kuu tatu: bwana kumwacha huru mtumwa wake kwa hiari, serikali kumwachilia kwa uamuzi wake, kwa mfano pale bwana alipothibitika kumtesa, na kukombolewa kwa malipo, ambayo ndiyo inayotajwa kwenye karatasi yenu. Malipo hayo aliweza kuyatoa mtumwa mwenyewe, ndugu zake, mume mtarajiwa, au mtu baki. Bwana alilipwa, ofisi ikaandika cheti, na aliyekombolewa akatoka akiwa huru kwa karatasi. Hata hivyo, pale mlipaji alipokuwa mwenye shamba wa Kizungu, na hilo lilitokea mara nyingi katika miaka ambayo mashamba makubwa yalikuwa yakilia njaa ya vibarua, fedha ile ilihesabiwa kuwa deni, na huyo «mtu huru» alifungwa kwa mkataba kulitumikia hadi liishe. Kama jina mnaloliona limeandikwa kwenye nafasi ya mlipaji, basi yamkini mama yake bibi aliondoka kwa bwana mmoja akaingia shambani kwa mwingine. Kama limeandikwa pengine, laweza kuwa ni la ofisa aliyetia sahihi tu, na habari inabadilika kabisa. Kwa sababu hiyo msiridhike na kulisoma jina peke yake. Someni maneno yaliyochapwa kando yake. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zama hizo unawashinda hata Wajerumani wengi wa leo, hivyo tafuteni mtu aliyejifunza kuusoma.

Kwa ufupi, serikali iliandika na kupiga mhuri. Aliyelipa kwa jasho, ikiwa jina lile la Kizungu ndilo la mlipaji, ni yeye mwenyewe.

Kuhusu «Mnyasa», msilichukulie kuwa ushahidi wa kabila kwa maana tunayoitumia leo. Misafara iliyoshuka Kilwa, Lindi na Mikindani ilileta watu kutoka pande za Ziwa Nyasa, na pwani walizoea kuwaita Wanyasa kwa jumla, wawe wametoka kwa Wamang'anja, kwa Wayao au kwingineko. Karani aliandika alichoambiwa, pengine na bwana wala si na binti mwenyewe. Nayo habari ya Umakonde si lazima iwe ya uongo, kwani watu waliotoka utumwani waliolewa, wakalima, wakapokewa katika koo za uwandani, na wajukuu wao wakawa Wamakonde kwa kila hali.

Ule mstari wa nyuma mpelekeeni mzee anayesoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, Mikindani hamtawakosa. Mara nyingi maandishi ya namna hiyo huwa ni jina la shahidi, au muhtasari ulioandikwa ili mwenye cheti ajue ni cha nini. Mkikuta humo jina la bwana wa zamani, nashauri mlitunze ndani ya familia, kwa kuwa wajukuu zake huenda ni majirani zenu na hawana kosa.

Kwa utafiti zaidi, anzeni Dar es Salaam kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako majalada yaliyosalia ya Kijerumani yamehifadhiwa. Ikiwa tawi lolote la ukoo lilibatizwa, ulizieni rejista za kanisa Masasi, ambako Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana aliwaweka watu walioachwa huru mwaka 1876, au Ndanda kwa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki.

Lamination msithubutu. Joto la mashine na gundi ya plastiki huiharibu karatasi ya umri huo, wala haiwezekani kuitoa tena. Msitumie selotepu, wala msiipige pasi kunyoosha mikunjo. Ipigeni picha pande zote mbili kwenye mwanga wa kivuli, kisha ilazeni ikiwa imenyooka ndani ya karatasi nyeupe isiyo na asidi na kuiweka kwenye boksi gumu, mbali na ukuta unaotoa unyevu wa bahari na mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa. Maelezo ya wazee kuhusu huyo mama yaandikeni kwenye daftari lake, pamoja na jina la msimulizi na tarehe, si kwenye cheti chenyewe, hata kwa penseli.