Gauni la bat mitzvah: mabega wazi au la?

Dada, umeuliza kama gauni la mabega wazi litafaa kwa bat mitzvah ya binti yako, ile sherehe ya Kiyahudi ya msichana kufikia umri wa kuwajibika kidini. Sinagogini, hapana. Kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sana sheria za kale, ajisitiri mpaka viwiko na magoti. Kwa wa Reform, tawi la Kiyahudi lenye msimamo laini zaidi, mara nyingi kufunika mabega kunatosha, ila muulize rabi wenu kabla hujatoa hela. Dukani mwambie binti ainue mikono, kisha ainame kama anayesoma Torati mezani. Pindo likipanda sana, liache hapo hapo. Kama atajitanda talithi, ile shali ya sala, epuka shanga begani, zinanasa nyuzi. Wala usinunue mapema mno: wa miaka 12 hurefuka ghafla! Hilo la mabega wazi analolililia alivae jioni ukumbini, au litupiwe kikoti juu.