New York hadi London: mbona kurudi ni kurefu kuliko kwenda?

SWALI: Nimepima umbali wa New York hadi London nikapata kilomita 5,570. Nikagawanya kwa kasi ya ndege, kilomita 900 kwa saa, nikapata saa 6 na dakika 11. Tiketi inaonyesha saa 7 kwenda na karibu saa 8 kurudi. Nimekosea wapi?

JIBU: Kugawanya hukukosea. Tatizo ni hiyo 900. Hiyo ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Majira ya baridi si ajabu upite kilomita 200 kwa saa.

Tuchukue upepo wa 100 tu. Kutoka kiwanja cha ndege cha JFK, New York, hadi kile cha Heathrow, London, ni kama kilomita 5,540 (yako 5,570 ni ya katikati ya mji hadi katikati ya mji). Upepo ukiwa mgongoni, ndege inakwenda 1,000 juu ya ardhi: saa 5 na dakika 32. Ukiwa usoni, inabaki 800: saa 6 na dakika 56. Tofauti inakaribia saa moja na nusu. Na ukijumlisha safari zote mbili, utaona upepo umekudhulumu dakika 9 hivi ukilinganisha na siku isiyo na upepo, kwa sababu unapokuchelewesha unakaa nao muda mrefu zaidi.

Mfano mkubwa ni wa Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara. Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita kilomita 1,300 kwa saa juu ya ardhi. Wengi walidhani imeipita kasi ya sauti. Wapi! Ndani ya hewa ilikuwa kwenye mwendo wake wa kila siku, kama mtu anayetembea taratibu juu ya ngazi ya umeme.

Muda uliobaki unaliwa chini. Saa za tiketi huanza ndege inapoondoka getini na kuisha inapoegeshwa, kwa hiyo foleni ya kuruka imo, kupanda na kushuka taratibu kumo, na sisi tunaopanga safari huongeza dakika kadhaa za tahadhari.

Umbali pia upime vizuri. Usiweke rula kwenye ramani ya ukutani. Vuta uzi kwenye tufe. Utauona ukipanda kuelekea Newfoundland, kisiwa cha Kanada, kabla ya kushukia Uingereza, na hiyo ndiyo njia fupi. Hata hivyo tukielekea mashariki mara nyingi tunaiacha makusudi kuufuata upepo, na tukirudi tunaukwepa.

Jambo moja la saa za ukutani. Ukiondoka New York saa 12:30 jioni ukatua London saa 12:30 asubuhi, usiseme umekaa angani saa 12. Toa 5 za tofauti ya majira, zinabaki 7. Mwezi Machi kuna wiki mbili hivi ambapo unatoa 4, kwa kuwa Marekani husogeza saa zake mbele mapema kuliko Uingereza.