Ushahidi na uthibitisho: Galileo alitoa kipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi. Niliandika ubaoni, "Galileo alithibitisha kuwa dunia hulizunguka jua." Mwenzangu akanisahihisha, eti niseme "alitoa ushahidi". Si mamoja?

JIBU: Si mamoja, Mwalimu, na mwenzako amesema kweli. Ushahidi ni wa shahidi, aliyeona akasema. Uthibitisho una undugu na thabiti: jambo limesimama, halitikisiki tena. Mahakamani mashahidi watano hutoa ushahidi, na bado kosa lisithibitike.

Itazame sayari ya Zuhura. Mwishoni mwa 1610 Galileo aliiona kwa darubini ikibadilika sura kama mwezi, mara duara, mara nusu, mara hilali. Hapo mfumo wa Ptolemy, wa jua na sayari zote kuizunguka dunia, ukaanguka, maana kwa mpangilio wake Zuhura haiwezi kuonekana duara. Ila mbali na mfumo wa Copernicus, wa dunia kulizunguka jua, palikuwa na mfumo wa tatu, wa Tycho Brahe: sayari hulizunguka jua, nalo jua huizunguka dunia. Chora mchoro wake, kando yake chora wa Copernicus. Pembe tunazopima kutoka hapa duniani baina ya jua na sayari ni zilezile, na Zuhura hubadilika vilevile. Hisabati ya pembe hizo haikuweza kuamua.

Kardinali Bellarmine wa Kanisa Katoliki aliliona hilo. Katika barua ya tarehe 12 Aprili 1615 alisema kuonyesha kwamba hesabu zinakubali jua likiwekwa katikati ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba kweli liko katikati ni jambo jingine. Hukumu ambayo Kanisa lilimpa Galileo mwaka 1633 kwa kutetea mwendo wa dunia inaniuma hadi leo, lakini katika kutenga maneno haya Bellarmine alikuwa sahihi.

Galileo mwenyewe, katika kitabu chake cha 1632, alitegemea zaidi kujaa na kupwa kwa bahari, akidai ni mwendo wa dunia unaoyatikisa maji. Alikosea. Mvuvi yeyote wa pwani yetu anajua bamvua hufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo.

Mwaka 1729 James Bradley alieleza jinsi nyota zinavyoonekana kusogea kidogo kwa sababu dunia inakwenda. Mwaka 1838 Friedrich Bessel akapima badiliko dogo la mahali pa nyota moja kadiri dunia inavyolizunguka jua. Kwa hiyo mimi ningeandika ubaoni: "Galileo alitoa ushahidi kuwa dunia hulizunguka jua, jambo hilo lilikuja kuthibitika baadaye." Nimechagua "kuthibitika" makusudi. Kauli ya kutendeka haidai mtendaji mmoja, na kazi hii ilikuwa ya wengi.