Namba 11 yuko wapi? Maswali yenu kabla ya mechi ya ubingwa wa halingi

Msimu wa ubingwa wa halingi, mchezo wa Ayalandi wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, ukipamba moto, maswali ya wasomaji wanaoishi Ayalandi huwa yanamiminika. Tumechagua saba. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nimehamia Limerick, na majirani wananialika kutazama mechi. Namba za jezi zina maana gani? — Msomaji, Limerick

Karibu, na kaa upande wenye kivuli. Kila timu ina watu 15. Namba 1 ni kipa. Namba 2, 3 na 4 ni mabeki wa nyuma kabisa, 3 akiwa katikati mbele ya lango. Mbele yao kuna mstari wa pili wa ulinzi, 5, 6 na 7. Viungo ni wawili tu, 8 na 9, na ndio wanaogombea mpira refa anapourusha kuanzisha mechi. Halafu 10, 11 na 12 ni washambuliaji wa mstari wa kwanza, na 13, 14 na 15 ndio walio karibu na lango la adui. Kwenye karatasi 3 anamkaba 14, 6 anamkaba 11, na kadhalika.

Mpira ukipita chini ya mtambaa wa panya ni goli, sawa na pointi tatu. Ukipita juu yake, katikati ya milingoti, ni pointi moja. Kwa hiyo matokeo ya 3-27 ni magoli matatu na pointi 27, jumla 36.

Ila usizitegemee namba hizo kupita kiasi. Uwanja una urefu wa mita 130 hadi 145, na gongo la mtu mzima linaupeleka mpira zaidi ya nusu ya urefu huo kwa pigo moja. Mbinu zote za leo zinazunguka swali moja: mpira ukidondoka, nani yuko peke yake? Ndiyo maana 11 utamkuta kwenye eneo la viungo, na kiungo mmoja utamkuta amesimama mbele ya mabeki wake.

Swipa ni nini hasa, na mbona watu wanamchukia? — Msomaji, Dublin

Swipa ni beki wa ziada asiyekuwa na mtu wa kumkaba. Timu inamtoa mshambuliaji mmoja au kiungo, kisha inamsimamisha mita 15 hadi 25 mbele ya namba 3, pale ambapo mipira mirefu ya adui huangukia. Kazi yake ni tatu: kuudaka mpira unaomlenga namba 14, kuziba njia ya mtu anayekimbia na mpira katikati, na kuanzisha shambulizi kwa pasi fupi.

Mfano mzuri ni fainali ya Ayalandi ya 2025. Cork walikuwa wamewafunga Dublin 7-26 kwa 2-21 katika nusu fainali, magoli saba. Tipperary wakamtumia Bryan O'Mara kama beki wa ziada kulinda lile eneo la mbele ya lango. Hadi mapumziko Cork walikuwa mbele kwa tofauti ya pointi sita, 1-16 kwa 0-13, na wengi walidhani kazi imekwisha. Kipindi cha pili Cork walipata pointi mbili tu. Tipperary walishinda 3-27 kwa 1-18.

Gharama yake ni hii. Ukiongeza mtu nyuma, umepunguza mtu mbele, kwa hiyo adui naye anabaki na beki asiye na kazi. Beki huyo asipobanwa atasimama mita 70 kutoka langoni kwako na kupachika pointi mpaka uchoke. Kosa la kawaida ni swipa kuganda karibu mno na namba 3: wanakuwa wawili wakiugombea mpira mmoja, na mtu aliye huru anasimama mita 30 mbele yao akiungoja udondoke. Wanaomchukia swipa wanasema anaua burudani. Kwa maoni yetu, kinachoua burudani ni timu yenye swipa ambayo haijafanya mazoezi ya kutoka nyuma kwa pasi.

Ukitaka kumtambua mapema, mara tu mpira ukishaanza hesabu washambuliaji waliobaki ndani, karibu na lango. Wakiwa wawili badala ya watatu, mtafute wa tatu.

Kwa nini makipa siku hizi wanapiga mipira mifupi? Zamani ilikuwa ni kubutua tu. — Msomaji, Cork

Kwa sababu mpira wa kipa ndio unaorudi mara nyingi kuliko mwingine wowote. Kila goli, kila pointi, kila shuti lililotoka nje, kipa ndiye anayeanzisha. Ukishinda mingi kati ya hiyo, mechi ni yako.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni fupi, kwa beki wa pembeni aliyejitanua karibu na mstari. Inafaa adui akiwa amerudi nyuma. Akisogea juu na kubana, usithubutu: beki anapokea akiwa amelipa mgongo eneo la adui, anaporwa mita 30 kutoka langoni, na hapo kinachofuata ni goli. Ya pili ni ya kati, mpira wa chini na wa kasi wa mita 50 hadi 60, kwa namba 10 au 12 anayekimbia kurudi kuelekea pembeni. Hii ndiyo tamu kuliko zote na ndiyo ngumu kuliko zote, kwani ukichelewa nusu sekunde tu namba 5 au 7 wa adui anaukata.

Ya tatu ni ndefu, juu ya mstari wa 10, 11 na 12. Hapa watu hukosea wakidhani kazi ni ya yule anayeruka. Mrukaji ni mmoja. Mwenzake mmoja anakaa hatua tano au sita mbele yake, upande wa kipa wao, mwingine hatua kama hizo nyuma yake, na kiungo anakuja kwa kasi akitazama magongo. Mpira ukigonga magongo mawili hewani, mara nyingi huanguka ndani ya duara hilo. Wakiruka watatu kwa pamoja, chini hakuna mtu, na beki wa adui anauokota kwa raha zake.

Na upepo. Ukiwa nao mgongoni, kipa aliyezoea kupiga kwa nguvu zote atawapita washambuliaji wake na kumkabidhi mpira namba 6 wa adui. Apunguze nguvu, ashushe mpira.

Mwanangu ana miaka 14, anacheza namba 7. Kila mechi mtu wake anamtoroka. Afanye nini? — Mama, Galway

Mama, mwambie kwanza aangalie anaposimama. Awe kati ya mtu wake na lango, kidogo upande wa ndani, ili akipita apite kuelekea pembeni, mahali ambapo pembe ya kufunga ni mbaya. Mpira ukiwa mbali, umbali wa magongo mawili kati yao unatosha. Mpira ukikaribia, agusane naye bega kwa bega.

Pili, wakubaliane na kiungo kabla ya mechi. Mtu wake akirudi nyuma sana kumvuta, amfuate mpaka mstari wa katikati, halafu apige kelele amkabidhi kwa namba 8 au 9. Bila makubaliano hayo wote wawili watamfuata, au hakuna atakayemfuata.

Tatu, asikimbilie kupiga gongo kila mara. Kama mtu wake ameshaanza kuzungusha gongo naye yuko nyuma yake, anyooshe gongo lake kwa mkono mmoja na kulinasa lile la mwenzake likiwa bado juu. Kama yuko mbele yake, aingie karibu kabisa, mikono miwili kwenye gongo, ausimamishe mpira unapotoka. Hofu humfanya mtoto asimame nusu njia, na hapo ndipo penye hatari, kwani ncha ya gongo inakuja na nguvu zake zote na vidole ndivyo vinavyoumia. Karibu sana ni salama zaidi.

Mchezaji akipewa kadi nyekundu, nani anaziba pengo lake? — Msomaji, Kilkenny

Kwa kawaida mmoja wa washambuliaji wa ndani anarudi nyuma, na wanabaki wawili. Hapo adui anapata swipa wa bure. Kwa hiyo acha mipira mirefu ya katikati, maana unamlisha yeye. Beba mpira kwa pasi za mkono, piga pointi kutoka mbali, na walazimishe wakimbie upana wote wa uwanja. Kumbuka pia kwamba mabadiliko ni matano tu kwa dakika 70. Kocha aliyemaliza matatu kabla ya mapumziko sasa atajuta.

Timu ikipewa frikiki karibu na lango, mbona inapiga pointi badala ya kutafuta goli? — Msomaji, Waterford

Kwa sababu mstari wa goli unajaa magongo. Shuti la goli kutoka hapo ni kamari, na pointi iko mkononi. Dakika za mwisho ukiwa nyuma kwa pointi tatu, hesabu inabadilika. Penalti ni habari nyingine: tangu 2015 ni mpigaji na kipa peke yao, na mpira lazima upigwe kabla haujavuka mstari wa mita 20. Hata hivyo hukoswa. Katika fainali ile ya 2025 Rhys Shelly wa Tipperary aliizuia penalti ya Cork, timu yake ikiwa tayari inaongoza.

Refa anapuliza filimbi mtu akikimbia na mpira mkononi. Kosa ni lipi? — Msomaji, Belfast

Hatua zimezidi nne. Akiuweka juu ya gongo anaweza kukimbia anavyotaka, lakini kuudaka tena kutoka kwenye gongo kunaruhusiwa mara moja tu. Beki mjanja hamkamati. Anamsindikiza begani, anahesabu, na anangoja ya tano.